Laini Saba za Okullo

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Hata Okullo alilijua hilo. Akinikuta asubuhi nimenuna, anapita kando polepole, anaenda kuwasha mashine yake kwanza, ndipo anarudi kunisalimia. "Mama Sitti, umeamkaje?" Namjibu, "Nimeamka, kwani unaniona nimelala?" Anacheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na akicheka unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Leo nataka kumsema, kwa sababu tuliomjua tumebaki wachache, na wengine wakimtaja wanasema eti alikuwa jasusi. Jasusi! Banange, mtu aliyekuwa anaogopa hata kumwomba karani penseli.

Jina lake Tarcisio Okullo, mtu wa Lira. Tulifanya kazi pamoja Kampala, katika chumba cha kompyuta cha shirika moja lililogawa bidhaa nchi nzima: sukari, chumvi, sabuni, betri, viberiti. Kompyuta yenyewe ilikuwa chini ya fundi mmoja Mgoa, na mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa, naye akaondoka. Siku ya mwisho alimkabidhi Okullo funguo na vitabu kumi na kimoja vya maelezo. Okullo alikuwa na miaka ishirini na sita. Alivisoma vyote, vingine akiwa chumbani kwake Kansanga, vingine juu ya baiskeli, wallahi, nilimwona kwa macho yangu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi, zile zinazobeba maagizo ya programu, na kuzilisha mashine. Naitwa Zubaida, mama yake Sitti, Mnubi wa Kibuli, na mashavuni nina chale tatu tatu nilizochanjwa nikiwa mdogo. Wakati ule mtu akiziona chale zile ofisini, anabadilisha mazungumzo. Walidhani kila Mnubi ana mjomba jeshini, na jeshi ndilo lilikuwa serikali. Mimi mjomba wangu Dawudi alikuwa na lori bovu Kisenyi, basi. Okullo peke yake hakubadilisha mazungumzo.

Sasa nieleze ile mashine, maana bila hiyo hutamwelewa mtu huyu. Tulikuwa na maghala saba: Jinja, Mbale, Tororo, Masaka, Mbarara, Lira na Gulu. Kila ghala lilikuwa na teleprinta, yaani taipureta iliyofungwa kwenye waya wa simu. Karani wa Masaka akipiga herufi kule, huku kwetu inaingia ndani ya kompyuta. Laini saba, na watu saba wanaweza kuanza kuandika kwa wakati mmoja, na mashine ni moja. Kazi ya Okullo ilikuwa kuandika programu ya kuwasikiliza wote bila kumpoteza hata mmoja.

Alinieleza kwa ndoo. "Mama Sitti, kila laini ni bomba, na chini ya kila bomba nimeweka ndoo. Ndoo inajaa herufi thelathini na mbili. Programu yangu inazunguka, inafika Jinja, inauliza, una neno? Kama lipo inamwaga ndoo kwenye tepu, inaenda Mbale, una neno? Inaenda Tororo. Ikimaliza saba inaanza tena."

"Na isipofika kwa wakati?"

"Ndoo inajaa, yanayobaki yanamwagika chini. Hayarudi."

Hapo nikaelewa. Mimi jikoni nina mafiga, jiko la mkaa na stovu ya mafuta, sijawahi kusimama natazama maziwa tu huku wali unaungua.

Okullo alikuwa na mke, Apio, mwanamke wa Tororo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuja ofisini mara mbili hivi kumletea chakula, na mara zote mbili aliponiona aliangalia mashavu yangu, akanisalimia kwa heshima, akaondoka haraka. Sikumlaumu. Mwanzoni mwa sabini na saba, wakati watu wa Lango na Acholi walipokuwa wanachukuliwa hovyo hovyo, kaka yake Apio aliyekuwa polisi alichukuliwa. Wiki iliyofuata watu wakaja Kansanga kumuuliza Apio mwenyewe. Bahati hakuwepo. Hakulala hapo tena. Mwezi wa tatu akavuka kwenda Kenya kwa njia ya magendo, katikati ya wabeba kahawa, na mimba ya miezi mitano.

Kwa nini Okullo hakwenda naye? Kwa sababu wakiondoka wote wawili siku moja, ofisi ingepiga simu mpakani kabla ya saa sita. Walipanga yeye abaki kidogo, Apio atafute pa kukaa, kisha amwite. Na barua zilikuwa zinafunguliwa, simu zilikuwa zinasikilizwa. Basi Okullo akafikiri kwa njia yake ya kifundi.

Bidhaa zetu zilikuwa na namba, moja hadi sitini na mbili. Karani akikosea namba, tuseme akaandika sabini, mashine inaikataa na kuichapa kwenye karatasi ya makosa. Karatasi ya makosa hakuna aliyeisoma isipokuwa Okullo. Apio alikuwa na binamu, Oketch, karani wa ghala la Tororo, na wafanyabiashara wa magendo walikuwa wanapita kwake kila wiki, wangemletea habari za Apio. Wakakubaliana hivi: Ijumaa yoyote, saa nne asubuhi, Oketch ataandika bidhaa namba tisini na tisa. Idadi ya magunia ni tarehe. Jina la mahali pa kupeleka ni mji ambako Apio atamsubiri, stendi ya mabasi: Kisumu, Bungoma au Kitale, kwa vile hakujua bado angepata makao wapi. Na mtoto akizaliwa salama, yaongezwe maneno "na kifurushi kimoja".

Haya yote Okullo aliniambia mwezi wa saba, ingawa Apio alimwonya asiniambie. Alisema alichoka kuhesabu siku peke yake. Miezi ya mimba ilikuwa imetimia, na hakujua kama ni msichana au mvulana, hakujua kama yuko hai au hayuko. Akila mchana alikuwa anakata chapati vipande viwili, anakula kimoja, kingine anakifunga kwenye karatasi kama alivyozoea kumbakishia mkewe, halafu saa kumi anakikumbuka na kunipa mimi. Niliila chapati ile miezi minane. Nilikuwa naila kwa hasira.

Kila Ijumaa, saa nne, anasimama mbele ya printa. Jinja sukari sifuri. Masaka sabuni sifuri. Lira chumvi gunia moja, limelowa. Nchi nzima ilikuwa inatuandikia sifuri, na yeye anasoma kila mstari kama barua. Karatasi ya makosa ikitoka tupu, anaikunja vizuri na kuiweka mfukoni. Nilimwuliza ya nini karatasi tupu. Akasema, "Ni ya siku ambayo hakuandika." Nikamwambia nenda zako huko, utanitoa machozi bure.

Tatizo lilikuwa laini ya Tororo. Waya wake ulikuwa mbovu, herufi zinakatika, zinakuja mbili, zinapotea tano. Okullo akaanza kuogopa kwamba programu ikiwa inazunguka, itakuwa iko Gulu au Mbarara wakati ule ule Tororo inajaribu kusema. Mwezi wa kumi akaja na kadi mpya nizitoboe. Niliangalia, nikaona amebadilisha kitu.

"Okullo, hii ni nini?"

"Ijumaa tu, Mama Sitti. Saa nne mpaka saa nne na nusu. Programu ikifika Tororo isiondoke. Isimame pale isubiri mpaka iseme."

"Na hao wengine sita?"

"Ni nusu saa."

"Ndoo zao zitafurika."

"Watarudia kuandika. Sukari sifuri ni sukari sifuri." Akanitazama kwa macho mekundu ya kukosa usingizi. "Mama Sitti, tafadhali. Nataka nikae mlangoni kwake nusu saa tu kwa wiki."

Ningekataa. Nilikuwa na ulimi wa kukataa, kila mtu pale jengoni aliuogopa. Nikatoboa.

Tarehe nne mwezi wa kumi na moja, Ijumaa, saa nne. Programu ikasimama Tororo. Tororo kimya. Saa nne na robo kimya. Saa nne na nusu programu ikaachia na kuanza kuzunguka, ikamwaga ndoo zote zilizokuwa zimejaa. Karatasi ya makosa ikatoka na mstari mmoja. Okullo akaichana, akaisoma, akakaa chini sakafuni, pale pale kwenye vumbi la kadi. Nikamnyang'anya karatasi. Bado ninayo:

MBL BIDHAA 99 MAGUNIA 14 PELEKA

Basi. Hapo ndipo ilipoishia. Hesabu mwenyewe pamoja na nafasi, hata ile ya mwisho baada ya PELEKA, ni thelathini na mbili kamili. MBL ni Mbale. Oketch alikuwa amehamishwa kutoka Tororo wiki ile ile, hakuwa na namna ya kutuambia. Siku ilikuwa ile ile, saa ile ile, mlango ndio ulikuwa mwingine, na programu imesimama Tororo inatazama waya usiosema. Jina la mji lilimwagika chini.

"Mimi ndiye niliyemziba mdomo," alisema. "Miezi minane, Mama Sitti. Amesema, na mimi nimemziba mdomo kwa mikono yangu."

Na mimi kadi nilizitoboa.

Akainuka, akaenda kwenye kibao cha herufi, akaandika kwenda Mbale: RUDIA BIDHAA 99. Tukasubiri. Teleprinta ikaanza kugonga polepole, kidole kimoja kimoja, si mwandiko wa karani: NANI ANAULIZA BIDHAA 99. Okullo akaondoa mkono kama ameshika pasi ya moto. Baadaye tulikuja kujua kwamba wiki ile mwanajeshi alikuwa amewekwa kusimamia ghala la Mbale, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha Oketch.

Siku alikuwa nayo, tarehe kumi na nne, mahali hakuwa napo. Miji mitatu, na mtu ni mmoja. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akasema mama mkwe amefariki. Alichagua Kisumu, kwa sababu Apio alikuwa na shangazi kule. Nilimfungia maandazi, nikamwambia, "Ukimkuta usirudi. Ukimkosa usirudi vilevile, mjinga wewe. Ukishavuka umevuka." Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda nyumbani Kibuli kwa miguu, nikaswali, nikamwombea.

Siku ya nne asubuhi nafungua chumba, huyu hapa, amekaa kwenye kiti chake, viatu vimejaa matope.

Nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akachungulia. "Umetoka kwenye moto na umerudi? Una akili timamu wewe?"

"Alisubiri mahali pengine, si Kisumu. Nilikaa stendi kutoka alfajiri mpaka jioni. Kila mwanamke mrefu nilimfuata."

"Ungekaa! Ungemtafuta Kitale, ungemtafuta Bungoma!"

"Na nikikaa kule, huku nani atasikia?" Akaweka kiganja juu ya kabati la mashine. "Mlango anaoujua wa kunipata ni huu peke yake. Ataandika tena. Lazima niwepo."

Ndiyo hivyo. Alikuwa Kisumu, huru, chakula kipo, sabuni ipo, na akarudi Kampala kwa ajili ya printa. Nilimchukia siku ile, nakwambia kweli, na wakati huo huo nilitamani mtu angenitamani mimi namna ile.

Akaandika programu upya. Ilimchukua miezi miwili, na vile vitabu vya Mgoa vilichakaa kabisa. Hii mpya haikuwa inabisha mlango kwa mlango, wala haikusimama kwa mtu. Inakaa katikati, imetulia, inaendelea na kazi zake za hesabu. Laini yoyote ikitoa herufi moja, mashine inaishtua, inaacha ilichoshika, inaenda kuichota, inaiandika kwenye tepu, inarudi pale pale ilipoachia. Saba wakisema pamoja, saba wanasikika. Na siku yoyote, saa yoyote. Tuliijaribu kwa kuwaambia makarani wote waandike majina yao kwa mpigo. Majina saba yakatoka kamili. Okullo akapiga makofi peke yake.

Kapteni, aliyewekwa kuwa meneja wetu, alipita siku hiyo na fimbo yake. Akasimama mbele ya mashine, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Hii kitu nafanya nini? Mbona naonekana inalala?"

"Inasikiliza, Afande," Okullo akasema.

"Nasikiliza nani?"

"Wote, Afande."

Kapteni akafurahi, akatoka.

Mwezi wa pili, sabini na nane, siku ya Jumatano, kama saa nne hivi, wakaingia watu wawili wa usalama, wa suruali pana na viatu vya kisigino kirefu. Mmoja alishika karatasi ya teleprinta kutoka Mbale. Iliandikwa RUDIA BIDHAA 99. Miezi mitatu walikuwa wanaizungusha ofisi kwa ofisi wakitafuta ni nani. Mimi nikasimama, nikawasemesha Kinubi, nikataja ukoo wa baba yangu, nikadanganya kwamba ni kosa langu la kadi. Mwenye karatasi akanitazama mashavu, akaniambia kwa upole, "Mama, kaa chini." Nikakaa. Mungu anisamehe, nilikaa.

Okullo hakubishana. Koti lake aliliacha kwenye kiti. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Mama Sitti, usizime mashine."

Sijamwona tena, na hakuna aliyemwona. Nilienda kuuliza kila mahali ambapo Mnubi angeweza kuuliza, na nilijibiwa kwa heshima, na sikuambiwa kitu.

Mashine sikuizima. Nilikuja Jumapili, nilikuja Idi. Umeme ukikatika, nilikuwa wa kwanza kuiwasha upya na kulisha kadi za programu yake, zile nilizotoboa mwenyewe, na karatasi ya makosa nilikuwa naikunja vizuri naiweka kwenye mfuko wa koti lake. Koti lilikuwa bado kwenye kiti. Mchana nilikuwa naleta chapati nikala nusu. Usiniulize nusu nyingine nilimfungia nani.

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa nne, si Ijumaa, saa nane mchana, si saa nne, Masaka na Jinja wanapiga kelele zao za sukari sifuri kwa pamoja, Gulu naye ameingilia. Printa ikachapa makosa:

MBL BIDHAA 99 MAGUNIA 22 PELEKA KITALE NA KIFURUSHI KIMOJA

Nilisoma, nikarudia kusoma; labda Oketch alivizia mwanajeshi atoke, ndiyo maana haikuwa Ijumaa. Kulikuwa na laini nne zikiongea kwa mpigo, na hakuna herufi hata moja iliyomwagika. Programu ilifanya sawasawa kama alivyotaka. Nikaita jina lake kwa sauti, "Okullo! Okullo, njoo uone!" kama mwendawazimu, chumba kitupu. Halafu nikalia. Nilisema mimi nina hasira za karibu. Machozi yangu yako mbali, lakini siku ile yalifika.

Tarehe ishirini na mbili ilikuwa Jumamosi. Mjomba Dawudi alinichukua kwa lori lake, tukapita Tororo, tukavuka tumebeba mahindi, hakuna aliyetusumbua kwa sababu ya sura zetu. Njia nzima nilipanga maneno. Saa tisa tulifika stendi ya Kitale. Nilimwona kabla hajaniona. Amesimama mbali na mabasi, mrefu vilevile, amekonda, mtoto mgongoni, wa miezi tisa hivi. Mtoto alikuwa anacheka na mwenye duka, na meno yake mawili ya juu yalikuwa na mwanya.

Apio aliponiona, akaona mashavu yangu, akarudi nyuma hatua mbili. Akashika mtoto kwa mikono yote miwili. Alidhani nimetumwa kumkamata. Nilitoa karatasi kwenye kifua nikamnyooshea, ile ya magunia ishirini na mbili, na ile nyingine ya kumi na nne. Alizichukua. Alizisoma muda mrefu.

"Mara ya kwanza nilisubiri hapa hapa siku tatu," akasema. "Maneno hayakufika?"

"Yalifika nusu, mwanangu. Alikwenda Kisumu."

"Na haya?"

"Haya yamefika yote. Hakuna hata herufi iliyopotea."

Akashusha pumzi. Ukaona mabega yake yanalegea, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akamtoa mtoto mgongoni, akamfuta pua kwa kona ya kanga, akamnyoosha nguo, akamgeuza uso uelekee barabarani. Kisha akaanza kuangalia nyuma yangu, kwenye lori. Mjomba Dawudi alikuwa ameshuka, mlango wa pili uko wazi.

"Apio," nikasema.

Hakunisikia. Mjomba akazunguka, akaufunga mlango ule, na Apio akaendelea kuutazama.